Utamtengaje mtu ambaye ndugu zake wamefika na hotipoti?

Saa kumi jioni geti likifunguliwa, wodi yetu hujaa kabla mlinzi hajamaliza kuuliza nani anakwenda wapi. Wanaingia kina mama na vitenge mabegani na hotipoti za ndizi, vijana wa bodaboda kutoka Mwanjelwa, mchungaji na wanakwaya wawili, shangazi aliyeamkia njiani kutoka Kyela. Huku Nyanda za Juu Kusini kumjulia hali mgonjwa si hiari. Usipofika utaulizwa, na usipoulizwa ujue wamekuweka moyoni. Ukifika husimami mlangoni ukapunga mkono: unamshika mgonjwa mkono, unainama kidogo, unakaa ukingoni mwa kitanda, unamrekebishia shuka, unamlisha. Ukimaliza unahamia kitanda cha jirani, maana naye ni mgonjwa na pengine leo hakuna aliyemjia.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeruhi na upasuaji, katika hospitali ambayo sitaitaja. Watu wakiandika habari za bakteria sugu, wale ambao dawa haziwaui tena, huandika habari za dawa, na wana haki. Ila kwetu wodini dawa ni sehemu ndogo ya kazi. Daktari ameandika, imetafutwa, imepatikana au haikupatikana. Anayebaki nasi usiku na mchana ni mtu ambaye mwongozo unasema atengwe, naye ametoka katika jamii ambayo mtu hutengwa kwa sababu moja tu: amefanya jambo la aibu.

Habari huanzia kwenye karatasi ya maabara. Tumechukua usaha kwa kijiti chenye pamba, umepelekwa kuoteshwa. Siku ya kwanza bakteria wanakua kwenye sahani. Siku ya pili mtu wa maabara anatambua ni nani, kisha anapanga vidoa vya karatasi vilivyoloweshwa dawa juu ya sahani mpya. Siku ya tatu anapima duara: penye dawa inayofanya kazi bakteria hawakuota, penye iliyoshindwa wameota mpaka kwenye kidoa. Karatasi inarudi na orodha ya dawa na herufi pembeni. S maana yake inamuua. R maana yake ni sugu. Mganga wa zamu anashuka na kidole: amoksilini R, seftriaksoni R, jentamaisini R, siprofloksasini R. Mpaka chini kabisa, meropenemu, dawa yetu ya mwisho, S. Au wakati mwingine, R.

Hizo siku tatu, kwa wastani wa hospitali zetu, ni za haraka. Na katika siku hizo mgonjwa hakuwa ametengwa, kwa sababu hakuna aliyejua. Alilala katikati ya wodi, ameshikwa na daktari, na mimi, na mwanafunzi wa uuguzi, na mtu wa mazoezi, na wanakwaya wale.

Wanatoka wapi wagonjwa hawa? Wengi wanatoka barabarani. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina miteremko ambayo dereva yeyote wa malori ataitaja bila kuulizwa, Kitonga, Inyala, Iwambi, na bodaboda wanajipenyeza humohumo kati ya malori. Kijana anafika mfupa wa mguu umetoka nje, umeingia udongo. Anafanyiwa upasuaji, anafungwa vyuma vya nje, analala wiki na wiki. Kidonda kilichokaa wazi muda mrefu hospitalini ni mwaliko. Wengine ni watoto walioungua, na huku kwetu miezi ya baridi wanaongezeka, maana moto unakuwa ndani na mtoto yuko karibu na moto. Wengine ni kina mama waliojifungua kwa upasuaji, mshono ukafumuka nyumbani, wakazunguka zahanati mbili tatu kabla ya kutufikia.

Baadhi ya bakteria tunawajua kabla ya karatasi. Sudomonasi huacha rangi ya kijani kwenye gozi la kufungia kidonda na harufu fulani tamutamu ambayo ukishaikuta huisahau. Klebsiela hana alama kama hiyo. Asinetobakta ndiye ananikera zaidi, kwa sababu anaweza kukaa kwenye sehemu kavu, reli ya kitanda, meza, pazia, kwa wiki kadhaa akiwa hai. Na yupo Stafilokokasi sugu kwa methisilini, maarufu kwa herufi MRSA. Methisilini, dawa ya ukoo wa penisilini, ilianza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 Uingereza walikuwa wameshatangaza Stafilokokasi asiyeijali. Miaka miwili tu. Alexander Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwa ajili ya penisilini, aliwaonya waliomsikiliza kwamba ukiwapa vijidudu dozi isiyotosha kuwaua utawafundisha kuivumilia dawa.

Nyumbani lawama huangukia mwili. Utasikia ndugu wanasema, "Mwili wake umezoea dawa, sista." Hapana. Mwili haujazoea chochote. Aliyezoea ni bakteria, na hilo linabadilisha kila kitu. Kama ingekuwa mwili, shida ingekwisha na mgonjwa huyo mmoja. Kwa kuwa ni bakteria, akihamia kwa mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja kidonge maishani mwake, dawa inagoma kwa mtoto pia. Bakteria wa jamii ya klebsiela wana vimeng'enya vinavyoikata penisilini na ndugu zake mpaka seftriaksoni, na maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya hivyo wanapeana wao kwa wao, hata wasio wa aina moja, kama majirani wanavyopeana mbegu za maharage.

Hatuzungumzii jambo la mbali. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto wenye maambukizi ya damu ulikuta kwamba waliokuwa na bakteria wenye vimeng'enya hivyo, 71% walifariki. Waliokuwa na bakteria wa kundi hilohilo wasio na vimeng'enya, 39%. Dunia nzima, mwaka 2019, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu vilikadiriwa kuwa milioni 1.27. Chanzo kinajulikana na kimeshasemwa sana: antibayotiki za kununua duka la dawa bila cheti, nusu dozi kwa sababu hela imeishia hapo, oksitetrasaikilini kwenye maji ya kuku, na sisi wenyewe hospitalini tunaomchoma kila anayeingia seftriaksoni kwa sababu ndiyo iliyopo na majibu hayajaja. Sitakaa hapo. Nirudi kitandani.

Mwongozo unasema mgonjwa wa namna hii awe na chumba chake. Wodi yetu ina chumba kimoja cha pembeni, na mara nyingi kina mgonjwa wa pepopunda anayehitaji giza na utulivu, au mtu anayehisiwa TB. Basi wa bakteria sugu tunampa kitanda cha mwisho, dirishani, tunaachia nafasi ya angalau mita moja kati yake na wa pili, tunamwekea mashine yake ya presha na kipimajoto chake, na tunaning'iniza kadi nyekundu: TAHADHARI.

Hapo ndipo kazi inapoharibika.

Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Kila familia huku ina mtu wake. Watu wazima wanakumbuka miaka ile mgonjwa alipokuwa na kikombe chake, sahani yake, na chumba cha uani. Ukining'iniza kadi nyekundu juu ya kitanda cha mtu katika mikoa hii, hutegemei wasome ulichoandika. Wanasoma wanachokumbuka. Kijana mmoja aliyekuwa na Klebsiela kwenye mfupa, kabla jua halijazama wodi nzima ilishamhukumu: nusu walisema ni UKIMWI, nusu TB sugu. Mzee wa kitanda cha jirani, tena mzee mstaarabu wa kutoka Chunya, akaomba ahamishwe. Mama aliyekuwa akiwagawia uji wagonjwa wasio na ndugu alianza kuliacha bakuli la kijana huyo miguuni pa kitanda.

Mke wake alinifuata kwenye meza ya wauguzi. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mama. Habari ya mgonjwa?"

"Mgonjwa ni mzima. Ila naomba uniambie ukweli. Mbona mnamuogopa mume wangu?"

Nikamweleza habari za kidonda, bakteria, mikono. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nikilala naye kitanda kimoja nyumbani, nitakufa?" Nikamwambia hapana, wewe huna kidonda, huna mpira wa mkojo, hujafanyiwa upasuaji, mtu mzima mwenye afya anaweza kumbeba bakteria huyu kwenye ngozi au tumboni na asiugue. Akaniuliza swali ambalo hakuna mwongozo uliolijibu vizuri: "Basi hiyo kadi ni ya nani?"

Ni ya sisi. Ndilo jibu, ingawa sikumpa hivyo. Kadi inamkumbusha muuguzi na daktari, kwa sababu sisi ndio tunaotoka kwenye kidonda chake tukaenda kwenye kidonda cha mwingine. Ndugu anayemlisha mgonjwa wake akaondoka hana hatari kubwa. Ndugu anayemlisha mgonjwa wake, halafu kwa wema akamgeuza na jirani, huyo ndiye tunayemuomba anawe. Lakini kadi iliyoandikwa kwa ajili yetu ilikuwa inawaelekea wao, na sisi tulioandikiwa tulikuwa tunaisoma kwa namna yetu.

Namna yetu ni hii. Mgonjwa mwenye bakteria sugu tunamuona mwisho kwenye raundi na tunamsafisha kidonda mwisho. Hilo ni sahihi, unatoka kwa wasafi kwenda kwa mwenye maambukizi. Ila mwisho wa raundi ni saa saba mchana, miguu inauma, daktari anaitwa chumba cha upasuaji, na ambaye angepata dakika kumi anapata tatu. Kengele yake inachelewa kujibiwa kwa sababu kumfikia ni kuvaa aproni kwanza. Wauguzi wa kwetu si wabaya. Tafiti za Marekani na Ulaya zimeonyesha vivyo hivyo, kwamba mgonjwa aliyetengwa hutembelewa mara chache na wahudumu. Tofauti ni kwamba kule anaachwa na runinga chumbani. Hapa anaachwa mbele ya watu arobaini wanaomtazama.

Nikija kwenye glovu, najua nitawaudhi wenzangu. Glovu zinatudanganya. Mtu akishavaa anajiona msafi, wakati glovu inamlinda yeye, haimlindi mgonjwa wa pili. Nimeshuhudia mhudumu akigusa kidonda, akashika kalamu, akavuta pazia, akajibu simu, akafungua faili la mgonjwa mwingine, glovu ileile. Bakteria anasafiri juu ya mpira vizuri kabisa. Na mgonjwa anaona. Mtu anayempima mapigo ya moyo kwa glovu mbili, huku jirani yake amepimwa kwa mkono mtupu, ameshapewa ujumbe wake bila kuambiwa neno.

Lipo jambo ambalo natamani lingebandikwa kila wodi, kubwa kuliko kadi nyekundu: bakteria aliyeishinda seftriaksoni hajaishinda sabuni. Hajaishinda spiriti wala klorini. Usugu wake ni kwa dawa zinazopita mwilini. Mkononi, kwa dawa ya kupakaa yenye pombe ya kutosha, anakufa ndani ya sekunde 20 mpaka 30 kama ndugu zake wasio sugu. Ikiwa mkono una damu au usaha unaoonekana, ni maji tiririka na sabuni, sekunde 40 mpaka 60. Shirika la Afya Duniani lina kanuni ya kutengeneza dawa hiyo ya mikono, ethanoli (ile pombe ya spiriti) ya 80%, gliserini kidogo, na haidrojeni peroksaidi, na famasia ya hospitali inaweza kuichanganya yenyewe. Ignaz Semmelweis aliwaambia madaktari wa Vienna mwaka 1847 wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wanawake wanaojifungua, vifo vikaporomoka, na bado wakubwa wake wakamkatalia. Kwa hiyo ugumu wetu wa kunawa una ukoo mrefu.

Huku kwetu una sababu yake ya ziada, nayo ni baridi. Mtu wa Dar es Salaam hawezi kuielewa. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, maji ya bomba Mbeya yanauma mpaka kwenye mfupa. Unamuomba mtu anawe kabla na baada ya kila mgonjwa, wagonjwa thelathini, kwa maji hayo. Ngozi inapasuka, spiriti inawasha kwenye mipasuko, na mkono uliopasuka unabeba bakteria wengi zaidi. Tulipoanza kuweka chupa ndogo ya mafuta ya mgando pembeni ya sinki, ya kupaka mwisho wa zamu, watu walinawa zaidi. Hakuna kikao kilichopanga hilo. Ni muuguzi mmoja mkongwe aliyechoka kutazama mikono ya vijana.

Na wahudumu wa usafi? Hao ndio nafasi yao ni kubwa kuliko mshahara wao. Kitambaa kilichofuta reli ya kitanda cha dirishani kikifuta na ya pili, kazi yote ya daktari imeisha pale. Dada anayefanya usafi zamu ya asubuhi ndiye aliyegundua kwamba tunasahau kufuta mti wa dripu, pale juu tunaposhika kuusukuma. Haitwi kwenye mafunzo ya kuzuia maambukizi. Anafundishwa na sisi, korido, kwa dakika mbili. Nimeona semina nzuri sana zenye chai na vitumbua ambako hakuna hata mmoja aliyewahi kushika dekio.

Gharama nayo. Meropenemu ni sindano ya mshipani kila baada ya saa nane, siku nyingi, na si kila mahali ipo stoo. Ikikosekana, ndugu anapewa karatasi. Nimeona familia zikiuza magunia ya mahindi ya chakula. Nimeona pia wakija na dozi ya siku mbili na kusema watarudi, na tunajua kwamba siku mbili za dawa hiyo ni hasara mara mbili, kwao na kwa mgonjwa ajaye. Ninachofanya siku hizi ni kuwaambia mapema, wakati majibu hayajatoka, kwamba dawa inaweza kubadilika na ikawa ghali, ili kikao cha ukoo kikae kabla ya siku yenyewe. Wapo wanaosema nawatisha. Mimi naona bora watishike Jumanne wakiwa na muda kuliko Ijumaa usiku wakiwa hawana.

Hofu yetu wenyewe hatuisemi. Wengi tunafua sare nyumbani, kwenye beseni moja na nguo za watoto, na kila mmoja ameshawahi kujiuliza. Mwenzetu aliyekuwa mjamzito aliomba asipangiwe kitanda cha dirishani. Akapewa jibu la kejeli mbele ya watu. Jibu sahihi lilikuwa jepesi: kwa mjamzito mwenye afya anayenawa, hatari haizidi ya wengine, na sare ifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Angeambiwa hivyo kwa heshima, angerudi kazini ametulia. Badala yake aliendelea kumhudumia mgonjwa akiwa amesimama hatua mbili nyuma, na mgonjwa akazihesabu.

Kijana wa Klebsiela alipona kidonda baada ya upasuaji wa pili wa kuondoa mfupa uliokufa, maana dawa peke yake haifiki kwenye mfupa usio na damu. Aliondoka kwa magongo. Mke wake alikuwa ameshageuka mwalimu wa wodi. Ndugu wapya wakifika aliwaelekeza kwenye ndoo ya maji yenye koki kabla sijafungua mdomo, na kwa lugha yao, Kinyakyusa, wakamsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi. Mzee wa Chunya alimwomba radhi. Walipeana mikono, kisha wote wawili wakaenda kwenye ndoo.

Kadi nyekundu tumeibadilisha. Ya sasa ni ya rangi ya maziwa na inasema: "Msalimie. Nawa kabla, nawa ukiondoka. Usikae kitandani." Nyuma yake, upande unaoelekea ukuta ambao sisi wahudumu tunaufungua, kuna maelekezo yetu ya aproni, glovu na vifaa. Daktari anayeongoza kamati yetu ya kuzuia maambukizi haipendi. Anasema ndugu wanasoma "Msalimie" na kuishia hapo, na kwamba muuguzi mgeni wa zamu ya usiku hawezi kujua kuna upande wa pili. Hoja ya pili ni ya kweli, imeshatokea. Anataka nyekundu irudi. Mimi nataka alama nyekundu ikae kwenye faili, si kichwani pa mtu. Tutabishana tena kikao kijacho. Tulichokubaliana ni kwamba ndoo ihame kutoka mwisho wa korido iwekwe mlangoni pa wodi, na fundi ameshaahidi kuleta stendi yake wiki hii.